Tupime Wenyewe, Tusipimwe

Kuna jambo limeingia katika mashamba yetu kimya kimya. Halikupiga hodi wala halikuitisha mkutano. Siku hizi shamba halipimwi tena kwa kamba na vigingi. Kijana anashuka kwenye pikipiki, anatoa simu mfukoni, anauzunguka mpaka wa shamba kwa miguu, na kila akifika pembeni anabonyeza kioo. Akimaliza mzunguko wake simu imekwisha kulichora shamba zima: ekari zake, mahali lilipo juu ya uso wa dunia, zao lililomo, jina la mwenye shamba, namba ya simu yake, namba ya kitambulisho chake, na pengine picha yake akiwa amesimama mbele ya mahindi. Kijana anasema ahsante, anapanda pikipiki yake, anaondoka. Mkulima anabaki na jembe lake. Ramani imekwenda zake.

Sisi twauliza swali moja, na tutaliuliza mpaka lijibiwe: ramani ile imekwenda wapi?

Tusieleweke vibaya. Hatuna ugomvi na simu. Mtu wa Kitete anapokea fedha kwa simu, anajua bei ya karanga ya Dar es Salaam kwa simu, anampigia daktari wa hospitali kwa simu. Mwenye kusema kwamba mtambo ni uchawi huyo si mwenzetu. Ugomvi wetu ni na desturi ya zamani iliyovaa kanzu mpya: mgeni anakuja, anapima, anaandika, anaondoka na maandishi, halafu siku moja yale maandishi yanarudi yakiwa amri. Desturi hiyo twaijua. Babu zetu waliijua kabla yetu.

NJIA YA MISAFARA IMEKWISHA KUYAONA

Watu wa Tabora si wageni katika habari za ramani. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo watu walikuja mpaka hapa, na hapa njia iligawanyika, moja ikaenda Ujiji, nyingine ikaelekea Karagwe na Buganda. Mwezi wa Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii. Walikuwa wameona ramani ya wamisionari iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Mfanyabiashara Mwarabu aliyekaa hapa, Snay bin Amir, ndiye aliyewaambia kwamba maziwa si moja bali ni matatu. Wapagazi wakabeba mizigo, wenyeji wakaonyesha njia na visima. Agosti 1858 Speke akafika ncha ya kusini ya Nyanza, akaliita ziwa kwa jina la malkia wake, na jina hilo liko katika ramani mpaka leo. Aliyeijua nchi hakuandikwa. Aliyeshika kalamu ndiye aliyeitwa mvumbuzi.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara na karatasi zake. Kila mtoto aliyesoma shule katika nchi hii amesikia habari za Mangungo wa Msovero, aliyetia alama yake chini ya maneno asiyoweza kuyasoma, na kumbe maneno yale yalisema kwamba nchi yake imepewa wengine. Mwaka 1895 amri ya Kaizari wa Ujerumani ikatangaza ardhi ya nchi hii kuwa ya dola. Alipokuja Mwingereza naye akatunga sheria yake ya ardhi ya mwaka 1923, akaiweka ardhi yote chini ya mkono wa Gavana. Mwaka 1951 Wameru wakafukuzwa Engare Nanyuki ili walowezi wapate malisho, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kuushitaki udhalimu huo mbele ya Umoja wa Mataifa. Katika habari zote hizi panga na bunduki vilikuja baadaye. Karatasi ilitangulia.

Sasa twambieni, ndugu zetu: programu ya simu inapofunguliwa, maandishi marefu yanatokea kwenye kioo, mengi yake kwa Kiingereza, na chini yake kuna mahali pa kubonyeza kukubali. Nani kati yetu ameyasoma? Nani amesomewa? Kijana mwenyewe aliyeshika simu hajayasoma. Anabonyeza kwa niaba ya mkulima na kazi inaendelea. Mangungo walau aliitwa akae kitako, akaonyeshwa karatasi yenyewe. Mkulima wa leo anawekewa alama na kidole cha mtu mwingine.

URAMBO ILIPIMWA KUTOKA ANGANI

Wako watakaosema kwamba tunafukua makaburi. Basi tuzungumze habari ya karibu, ambayo wazee wetu wengine waliiona kwa macho.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilitafuta mahali pa kulima karanga ili wapate mafuta ya kula kwao baada ya vita. Ujumbe ukaletwa, ukiongozwa na Bwana Wakefield. Kwa muda wa majuma tisa tu wakazunguka Afrika ya Mashariki, sehemu kubwa kwa ndege, wakitazama nchi kutoka juu. Waliona mapori mapana, wakaandika kwamba nchi ni tupu na yafaa. Wakachagua Kongwa, Nachingwea na Urambo, hapa hapa magharibi ya Tabora. Hesabu yao ilikuwa kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu kwa miaka sita. Matrekta yakaja, na mengine yalikuwa masazo ya vita. Kumbe udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, karanga hazing'oki. Kumbe mvua haifuati hesabu ya London. Januari 1951 mpango ule ukafutwa, na zaidi ya paundi milioni 30 zilikuwa zimekwisha kutupwa porini.

Hawakukosa ramani watu wale. Ramani walikuwa nayo, nzuri, yenye rangi. Walichokosa ni kumwuliza mwenye nchi. Mzee yeyote wa Ugogo angewaambia habari za udongo ule kwa gharama ya kikombe kimoja cha chai. Lakini mzee alikuwa chini, na wao walikuwa juu.

Leo badala ya ndege kuna setilaiti, na badala ya Bwana Wakefield kuna kijana wetu wenyewe mwenye pikipiki. Macho bado yanatazama kutoka juu, na swali ambalo halikuulizwa mwaka 1946 lisipoulizwa leo hasara itakuwa ile ile, ila safari hii haitalipwa na hazina ya Uingereza. Italipwa na wewe.

SIMU HAIONI SHAMBA LINALOPUMZIKA

Na sasa tufike kwenye kiini. Mwana-Unyamwezi halimi kila kipande kila mwaka. Udongo wetu wa kichanga unachoka. Mtu analima miaka kadhaa, kisha analiacha shamba lirudi msituni lipumzike, naye anahamia upande wa pili. Baada ya miaka anarudi. Kwenye mbuga analima mpunga mvua ikiwa nzuri, na ng'ombe wanachunga humo mpunga ukiisha kuvunwa. Mahame ya babu yake yenye miembe mitatu ni yake, hata kama hakuna nyumba iliyosimama. Porini ametundika mizinga ya nyuki. Yote hayo ni shamba lake, nalo lina mwenyewe, na jirani zake wote wanajua.

Simu haijui. Simu imefundishwa kuuliza: zao gani? Mkulima akijibu kwamba mwaka huu sijapanda kitu hapa, kijana anaandika kwamba hapana zao, au halipimi kabisa. Setilaiti ikitazama inaona vichaka. Katika ramani panatokea sehemu nyeupe. Na sehemu nyeupe katika ramani, ndugu zetu, ndiyo chakula cha wanyang'anyi tangu dunia ianze kuchorwa.

Mtu asiseme kwamba haya ni maneno ya siasa tu. Yatazameni katika sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaitambua ardhi inayopumzishwa. Imeihesabu kuwa ardhi ya kijiji, pamoja na malisho na njia za kwendea malishoni. Hiyo ni kinga. Lakini dada yake, Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka ule ule, ilipoeleza maana ya ardhi ya jumla ilitia ndani yake hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ardhi ya jumla haiko tena mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji. Hiyo ndiyo ardhi inayoweza kutafutiwa mwekezaji. Sheria mbili za siku moja, moja inasema ardhi inayopumzika ni yako, nyingine inaacha mlango wazi kwa atakayesema kwamba haitumiki. Na nani atakayeamua kama ardhi inatumika au haitumiki? Zamani ilikuwa lazima mtu aje, aulize wazee, asimamishe mashahidi. Sasa atafungua ramani ya simu, ataonyesha sehemu nyeupe, atasema: tazameni wenyewe.

Kwa hiyo neno moja dogo analoliandika kijana akiwa na haraka ya kwenda shamba la pili laweza kumwondoa mtu katika urithi wake. Hilo ndilo tunalopigania katika makala hii.

Yako mengine. Shamba la mama mmoja lina mahindi, katikati ya mahindi kuna karanga, pembeni mihogo, na kwenye kichuguu maboga. Programu ina nafasi ya zao moja. Inaandikwa mahindi. Karanga, njugu mawe, choroko na maboga, ambavyo ndivyo vinavyolisha watoto na kununua sare za shule, havimo. Mwaka ujao mbegu na mikopo vinakuja kwa kufuata ramani, na mazao ya akina mama hayapati kitu, kwa sababu hayamo katika maandishi.

Na jina linaloandikwa ni la nani? Wako watu wengi wa Kitete wanaofanya kazi mjini na mashamba yao yako Ndevelwa, Kakola, Sikonge au Uyui. Mpimaji anapita siku ya kazi, anamkuta kibarua au mjomba, anaandika jina la aliyemkuta. Au anamkuta mke anapalilia, anamwuliza jina la mumewe, anaandika jina la mume aliyeko mjini miaka mitatu. Jina likiisha kuingia kwenye mtambo, kulitoa ni safari ya miezi na nauli.

Hata kipimo chenyewe kina dhuluma yake. Simu ya kawaida yaweza kukosea mita tano hivi mahali pa wazi, na zaidi ya hapo chini ya miti. Mwenye ekari kumi, mpaka wake mmoja ukisogea mita tano, atapoteza kama sehemu moja katika arobaini. Mwenye robo ekari, ambayo ni kama mita 32 kwa mita 32, akisogezewa mpaka mita tano atapoteza karibu sehemu moja katika sita ya shamba lake lote. Kosa ni lile lile, mtambo ni ule ule, lakini mnyonge ndiye anayeumia. Jirani wawili waliokaa kwa amani miaka thelathini wakijua mpaka wao ni mti wa mninga wataanza kugombana kwa sababu simu imesema mpaka uko upande huu wa mti.

MNUNUZI ANAPOCHUNGULIA GHALA

Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui anajua vizuri maana ya neno makisio. Chama chake cha msingi kinaingia mkataba na kampuni kabla ya msimu. Mbolea na madawa vinakuja kwa mkopo, na mkopo unakatwa siku ya soko. Ukilima pungufu unabaki na deni, ukilima zaidi ya makisio huna hakika ya mnunuzi. Mwaka 2017 tumbaku iliyozidi makisio ilikaa katika maghala ikikosa wa kuinunua, na waliolia ni wakulima.

Sasa fikirini mnunuzi ambaye ana ramani ya kila shamba la wilaya nzima, ekari kwa ekari, zao kwa zao, na setilaiti inayomwonyesha majani yanavyoendelea. Anajua mavuno yatakuwa kiasi gani kabla mkulima mwenyewe hajakata jani la kwanza. Mkulima anajua habari za shamba lake moja tu. Wanapokutana kupatana bei, mmoja amekwisha kuchungulia maghala yote, na mwingine amefungwa kitambaa machoni. Hayo si mapatano. Huo ni mchezo ambao matokeo yake yanajulikana.

Ndugu zetu wa kahawa wa Kagera, Kilimanjaro, Mbozi na Mbinga wamekwisha kuonja. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yasiingie katika masoko yao mpaka ionyeshwe alama ya mahali shamba lilipo, na ithibitike kwamba halikufyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba likizidi hekta nne lazima mpaka wake wote uchorwe. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini upimaji ulianza. Sisi hatupingi kulinda misitu. Tabora inaishi kwa miombo yake, na asali yetu inatoka humo. Lakini twauliza: ramani ile ikiwa mikononi mwa mnunuzi mmoja, mkulima akitaka kumwuzia mnunuzi mwingine mwenye bei bora atapata wapi ushahidi wake? Amefungwa kamba bila kuiona. Tumbaku haimo katika orodha ile, lakini asijidanganye mtu kwamba sisi tutasahauliwa. Njia iliyochongwa kwa kahawa itapitwa na mazao yote.

KWA WANAOSEMA TUKATAE

Katika matawi yetu wako ndugu wanaosema: basi tuwafukuze, asiingie shambani mtu yeyote mwenye simu. Twaiheshimu hasira yao. Lakini twasema kwamba njia hiyo si ya busara, na Tabora ndio mji ambao haufai kuusahau somo hili.

Januari 1958 TANU ilikutana hapa Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ulikuwa ni mtego na matusi pamoja. Wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere aliwaomba waingie, kwa sababu kususia kungewaachia wengine uwanja wote. Mkutano ukakubali. Zuberi Mtemvu na wenzake wakatoka wakaunda chama chao. Uchaguzi ukafanywa mwaka 1958 na 1959, TANU ikashinda, na Desemba 1961 bendera ikapanda. Uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Wazee wetu hawakuupenda mtambo wa kura tatu. Waliuingia wakaugeuza kuwa wao.

Hivyo ndivyo tunavyosema juu ya simu. Anayekataa kupimwa kabisa hataizuia ramani. Itachorwa bila yeye, kutoka angani, na sehemu yake itakuwa nyeupe. Mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/2023 imekwenda kwa aliyejiandikisha, akataja ekari zake, akapata namba yake. Aliyekaa nje ya daftari alinunua kwa bei ya duka. Kukaa nje si ushujaa.

Tena ushahidi upo kwamba chombo hiki kikiwa mikononi mwa wanakijiji kinafanya kazi njema. Kuanzia mwaka 2014, katika wilaya ya Iringa, vijiji vya Ilalasimba, Itagutwa na Kitayawa vilijaribu upimaji wa simu. Vijana wa vijiji wenyewe walifundishwa. Walizunguka mipaka pamoja na mwenye shamba na majirani, ramani zikabandikwa hadharani ili mwenye malalamiko aseme, makosa yakarekebishwa, kisha watu wakapewa Hati za Hakimiliki ya Kimila kwa mujibu wa Sheria ya 1999. Akina mama wengi waliandikwa kwa majina yao. Kazi iliyochukua miaka kwa wapima wa kulipwa ilifanywa kwa majuma. Hayo ni mema na tunayasema wazi.

Lakini tukumbuke nani alikuwa analipia. Lilikuwa Shirika la Misaada la Marekani, na mwaka 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika hilo lenyewe. Mfadhili akifunga duka, mashine iliyotunza ramani nani anailipia umeme? Na kazi nyingine za kupima ardhi zinakwenda kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150. Mkopo si sadaka. Utalipwa na wewe na mjukuu wako. Mwenye kulipa deni la ramani hawezi kuambiwa kwamba ramani si yake.

TUNAYOYADAI

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitaja ardhi miongoni mwa mambo manne yanayohitajika ili tuendelee, pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora. Mwaka 1958 TANU ilipinga mpango wa Mwingereza wa kuifanya ardhi yetu bidhaa ya kuuzwa moja kwa moja. Tume ya Profesa Issa Shivji mwaka 1992 iliishauri serikali kwamba ardhi ya kijiji iwekwe chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tunayoyasema leo si mapya. Ni yale yale, ila sasa yanahusu simu. Kwa hiyo twadai haya:

Kwanza, shamba lisipimwe na mtu yeyote, awe wa kampuni, wa mfadhili au wa serikali, kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaambiwa kwa Kiswahili: nani anapima, kwa kazi gani, ramani itakaa wapi, na nani ataiona. Mwenyekiti wa kijiji asitie sahihi peke yake nyumbani kwake.

Pili, kila mkulima apewe ramani ya shamba lake kwenye karatasi siku zile zile, na nakala ikae ofisi ya kijiji. Ramani ya kijiji kizima ibandikwe ukutani na wasiojua kusoma wasomewe. Anayeona kosa apewe muda wa kusema.

Tatu, mpaka uzungukwe majirani wakiwepo. Mti wa mninga unaojulikana ushinde alama ya simu. Mwanamke anayelima aandikwe kwa jina lake, kwa maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji imempa haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Ardhi inayopumzika iandikwe kwamba inapumzika na jina la mwenyewe litajwe. Malisho, njia za ng'ombe, mbuga na mapori ya mizinga yachorwe kama mashamba yanavyochorwa.

Nne, wapimaji wawe vijana wa kijiji. Tabora tuna Chuo cha Ardhi kinachofundisha upimaji na uchoraji wa ramani. Ni aibu mji wenye chuo kama hicho kungojea mtu wa mbali aje kutuonyesha pembe za mashamba yetu. Wanafunzi wale wapelekwe vijijini wakasimamie kazi.

Tano, hesabu za mazao ziwe mali ya wakulima kwa pamoja katika vyama vyao vya ushirika. Mnunuzi anayezihitaji azipate kwa mapatano, na chama kiwe nazo kabla yake, ili siku ya kupatana bei pande zote mbili ziwe zimefumbua macho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua habari zake zinakusanywa kwa nini, na haki ya kutaka zisahihishwe. Viongozi wa ushirika waisome na waitumie.

Sita, wabunge wetu waondoe katika Sheria ya Ardhi maneno yale yanayoiita ardhi ya kijiji isiyotumika kuwa ardhi ya jumla. Mbunge akija kuomba kura, aulizwe hili kwanza, kabla ya habari za barabara.

Ndugu wananchi, kila tawi lina kazi ya kufanya juma hili. Katibu wa tawi aulize katika mtaa wake na kijiji chake: nani amepimiwa shamba, na nani aliyempimia? Yaandikwe. Aliyepimwa bila kupewa karatasi aende ofisi ya kijiji akaidai, na asiende peke yake, aende na wenzake kumi. Vijana wanaojua simu wakae na wazee wanaojua mipaka, wazungukie mashamba pamoja kabla mgeni hajafika, maana simu walizo nazo mfukoni zaweza kuifanya kazi ile ile. Akija mpimaji akute kijiji kina ramani yake mezani.

Hapo ndipo tutakapozungumza naye kama watu na watu. Shamba ni letu na ramani ni yetu.

Uhuru na Kazi!